Nchi Iliyopiga Marufuku Chafya

Ukoo wa mbwa ni mpana kuliko adhaniavyo mtu aliyezoea kumwona yule mmoja alalaye mlangoni. Una aina zaidi ya 30, zimetapakaa duniani tangu penye theluji hadi penye mchanga mkavu, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki matawi yake yanajulikana tangu enzi za mababu. Yupo bweha mgongo mweusi, dume na jike waishio pamoja miaka nenda miaka rudi, ambao wana wao wa mwaka jana hubaki nyumbani kuwalea wadogo zao wa mwaka huu. Yupo bweha miraba, mpenda vichaka. Yupo bweha masikio, ambaye riziki yake ni mchwa, na ambaye baba ndiye akaaye shimoni na watoto wakati mama amekwenda kutafuta. Yupo yule tuliyemwita bweha wa dhahabu kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2015 wajuzi wa vinasaba wakabaini kwamba damu yake iko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini kuliko na mabweha aliohesabiwa nao. Katika milima ya Bale, Ethiopia, yuko jamaa yao mwekundu, mla panya-fuko, na wa aina yake wamebaki takriban 500 tu. Na mbwa wa nyumbani mwenyewe ni mzao wa mbwa mwitu wa kale waliousogelea moto wa binadamu yapata miaka 15,000 iliyopita au zaidi, wakapewa mfupa, wasirudi tena.

Fisi hayumo. Wengi humtia kwa sababu ya sura yake, lakini kwa nasaba fisi yuko upande wa paka na nguchiro. Hili msomaji alishike, maana tutamkuta fisi mbele ya safari akidai vingine.

Katika ukoo huo wote hapakuwa na taifa lililonyooka kwa mila kama taifa la mbwa mwitu wa nyanda, wale wenye madoa meusi, meupe na manjano, masikio ya mviringo na ncha nyeupe ya mkia, ambao hutapata wawili wenye madoa yanayofanana. Nchi yao ilikuwa kule Serengeti, kati ya Ndutu na vilima vya Gol, mahali ambapo nyasi ni fupi na jicho huona mbali. Hawakuwa na nguvu za simba wala wingi wa fisi. Walikuwa na mila mbili, na kwa mila hizo mbili waliishi wakashiba.

Mila ya kwanza ilihusu nyama. Mnyama akishaangushwa, watoto walioweza kufuata msafara ndio waliotangulizwa, na wakubwa wakasimama pembeni kuwakinga wakiwa na njaa yao, mtemi naye akiwa miongoni mwao. Wakubwa walipomaliza zamu yao walirudi mbio hadi kwenye shimo, lile ambalo aghalabu huwa limechimbwa na muhanga na kuachwa, wakamtapikia nyama mama aliyezaa, wakawatapikia wachanga, wakamtapikia na mgonjwa asiyeweza kwenda mawindoni. Hakuna aliyeulizwa amechangia nini.

Mila ya pili ilihusu shauri. Alfajiri na jioni, kabla ya kwenda kuwinda, kundi lote liliamka likasalimiana kwa kuzungukana na kunusana, na hapo ndipo kila aliyeona wakati umewadia alipokwenda chafya. Chafya hiyo ilikuwa kura yake. Watafiti waliokaa na wanyama hawa huko Botswana walichapisha mwaka 2017 hesabu waliyoipata: rai ya kuondoka ikianzishwa na wakubwa wa kundi, chafya 3 hivi hutosha, ikianzishwa na mnyonge, hutakiwa kama 10. Kwa hiyo hadhi ya mkubwa iliheshimiwa, lakini na mdogo kabisa, akiungwa mkono na wa kutosha, aliweza kulinyanyua taifa zima na kuliongoza njia. Wapo wanadamu waliosoma hadi vyuo vikuu ambao hawajafikia utaratibu wa kiungwana kama huo.

Mambo yalikwenda hivyo hadi uongozi ulipomwangukia mtemi mmoja aliyeitwa Madoa. Hakuwa mbaya katika ujana wake. Alikuwa mwepesi wa miguu na shupavu mbele ya fisi, na siku ya kutawazwa aliwatapikia wagonjwa mwenyewe mbele ya wote. Waliomjua walisema kasoro yake ilikuwa moja, kwamba alipenda mno kusikia habari zake.

Mwaka wa pili wa utawala wake alitokea mgeni kutoka mabomani, mbwa wa nyumbani, mnene wa shingo, amevaa mkanda wa ngozi uliotundikwa njuga ndogo za chuma zilizolia kila alipopiga hatua. Wakamwita Bwana Njuga. Alipokelewa kwa heshima zote, kwani kwao mgeni alikuwa na haki yake, na jioni hiyo Madoa akamkalisha ubavuni mwake. Mgeni akazunguka akiwatazama wenyeji miguu. Akawahesabu vidole mmoja mmoja, kisha akaguna.

“Vidole vinne,” akasema. “Mbele vinne, nyuma vinne. Mimi hapa mbele ninacho cha tano, hiki kidogo cha ndani. Kule nitokako kila mbwa anacho. Ndugu zangu, hamkukamilika.”

Taifa lililokimbia juu ya vidole vinne tangu kuumbwa, lililoweza kumfukuza swala hadi pumzi imwishie, likaanza kutazama miguu yake kwa aibu. Vijana wakaficha miguu nyasini. Mtemi naye, ambaye hakuna mnyama aliyewahi kumtia haya, akavuta miguu yake chini ya kifua na kuuliza ni nini wafanye ili wawe kama wengine.

Njuga akamweleza maisha ya bomani. Kule, alisema, mwenye nyumba hula kwanza. Akishashiba, wake na wageni wake hula. Mwishoni kabisa mbwa hutupiwa mifupa, na kila mmoja anajua mahali pake. Huo ndio ustaarabu. Nguvu ya nchi ni nguvu ya mtemi, mtemi akiwa amekonda majirani huidharau nchi, kwa hiyo anayempenda mtoto wake na amwache mtemi ale. Maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya upole, na njuga zikilia polepole kila alipotikisa kichwa, na Madoa akayasikiliza kama asikilizaye jambo alilolijua siku zote ila hakupata mtu wa kumtamkia.

Kesho yake swala tomi alipoangushwa, watoto walikimbilia nyama kama walivyozoea, wakakuta mtemi amesimama juu yake na meno nje. Hawakuelewa. Mmoja, mwenye doa la manjano jichoni, alidhani ni mchezo, akajipenyeza chini ya kifua cha mtemi kama alivyofanya siku nyingine zote. Akaumwa mgongoni. Akarudi nyuma bila kulia, akakaa, akatazama, na wenziwe wakakaa nyuma yake mstari mmoja. Wakubwa waliliona jambo hilo. Wengine walitazama machweo, wengine walijilamba miguu, na kila mmoja akajiambia kwamba ni la siku moja.

Halikuwa la siku moja. Mtemi alipata msaidizi, msaidizi akapata wasaidizi, pakaundwa Baraza, na Baraza likahitaji mwandishi. Bweha mgongo mweusi, ambaye kwa desturi yake huzunguka mabaki ya wenzake akisubiri kudokoa, alijitokeza akasema yeye ana kumbukumbu nzuri na sauti inayofika mbali. Akapewa kazi. Kuanzia hapo nyama ikaliwa kwa zamu: mtemi, kisha Njuga kwa kuwa ni mgeni rasmi, kisha Baraza, kisha Bweha, kisha wawindaji wenyewe, na mwisho watoto, ambao mara nyingi walikuta ngozi, kwato na nyasi zenye damu. Kutapika kukaitwa ushamba. Mgonjwa akiomba, aliambiwa akaandikishe njaa yake kwa Bweha.

Ndipo Fisi alipoona mlango umefunguliwa. Alikuja mchana kweupe, amejifuta tope, ameshika karatasi kuukuu mdomoni. Akailaza mbele ya mtemi. Karatasi ile, kwa bahati mbaya, haikuwa ya kughushi: mwaka 1820 mwanazuoni mmoja wa Uholanzi aitwaye Temminck, alipomchunguza mbwa mwitu wa aina hii kutoka Afrika, alimwandika katika vitabu vya elimu kwa jina la jenasi ya fisi. Wenzake walikuja kusahihisha baadaye, lakini Fisi hakuleta sahihisho. Alileta kosa.

“Mtukufu Mtemi,” akasema Fisi, “sisi ni ndugu, na mwenye elimu aliandika. Nimeishi miaka yote hii nikinyang'anya nyama yenu, na sasa natambua ilikuwa ni kwa sababu ya kutokujua kwamba ni ya nyumbani.”

Wazee walinong'onezana. Kila mmoja wao alikuwa na kovu la fisi mwilini. Hakuna mnyama aliyewaibia mawindo yao kwenye nyanda zile za wazi kama yeye. Lakini Bweha aliisoma karatasi kwa sauti, tena mara mbili, na mtemi alifurahi kusikia kwamba habari zake zilikuwa zimeandikwa Ulaya. Fisi akapewa udugu siku hiyohiyo, na kabla mwezi haujaandama akateuliwa kuwa mtunza nyama wa taifa, kwa hoja kwamba anayejua njia zote za wizi ndiye afaaye kuzilinda. Nyama iliyobaki jioni haikuonekana asubuhi. Fisi alitoa taarifa kila siku kwamba wezi bado hawajatambuliwa, na Baraza likampongeza kwa uwazi.

Hapo ndipo chafya zilipoanza kuongezeka. Wenye njaa walitaka kuondoka mapema, jua lisijapanda. Wengine walitaka kuhamia upande wa Ndutu walikokwenda nyumbu. Wengine walikwenda chafya tu kwa sababu ndiyo sauti pekee waliyobakiwa nayo. Mtemi, aliyekuwa ameanza kulala hadi umande ukauke, aliudhika kuamshwa. Akauliza Baraza: je, bomani nako mbwa huenda chafya mbele ya mwenye nyumba? Njuga akajibu kwamba bomani hata kubweka kuna wakati wake.

Sheria haikuja kwa mkupuo mmoja. Kwanza ilitangazwa kuwa chafya ya mtemi itahesabiwa kuwa chafya 10, na hilo halikuleta kelele, kwa sababu wengi walisema anastahili. Kisha Bweha akateuliwa kuwa msajili wa chafya, na kila aliyekusudia kwenda chafya alfajiri akatakiwa kutoa taarifa jioni iliyotangulia, akieleza mwelekeo wa pua yake na dhamira yake. Wachache waliandikisha. Waliobaki walijikaza, na ajuaye uchungu wa kuizuia chafya atawaonea huruma. Kisha yakaja mabishano juu ya chafya za vumbi. Nyanda zile wakati wa kiangazi huvuma upepo mkavu, na udongo wake wa majivu ya kale ya volkano huruka mwepesi. Wanyama walikwenda chafya bila kukusudia. Ikabidi Baraza liunde jopo la kupambanua chafya ya vumbi na chafya ya nia, na jopo likakaa kila asubuhi likisikiliza mashahidi hadi jua linafika utosini. Swala walikuwa wamekwishaondoka. Taifa la wawindaji wa alfajiri likawa linawinda saa sita mchana, ulimi nje, likirudi mikono mitupu, na kila liliporudi bila kitu, jopo liliongezewa wajumbe.

Siku moja mtoto yule mwenye doa la manjano jichoni alikwenda chafya mdomoni mwa shimo. Akaletwa mbele ya Bweha.

“Nani kakutuma?”

“Vumbi, babu.”

Bweha akaandika jina hilo kwa makini. Vumbi akatafutwa siku tatu. Walitumwa askari hadi vilima vya Gol, wakaulizwa ngiri na kanga, wakahojiwa kobe wawili, na siku ya tatu taarifa ikasomwa barazani kwamba Vumbi ana wafuasi kila pembe ya nchi, kwamba huingia nyumba zote bila kubisha hodi, na kwamba huenda anafadhiliwa na upepo kutoka nje. Mtemi hakulala usiku huo.

Sheria ya mwisho ilikuwa ya pua. Njuga alishauri kwamba chafya huanzia puani, na pua mbichi ndiyo yenye matatizo. Basi raia mwema aonyeshe pua kavu. Vijana walikwenda penye nyasi zilizoungua wakajipaka majivu puani, wakarudi wakajipanga kukaguliwa, na pua kavu ikawa alama ya uzalendo. Sasa kila kiumbe wa ukoo huu, tangu bweha hadi mbwa wa bomani, hunusa kwa unyevu wa pua. Ndio unaoshika harufu inayopita hewani. Waliojipaka majivu hawakusikia tena harufu ya swala upande wa upepo. Hawakusikia harufu ya simba. Na hawakusikia harufu iliyokuwa imeanza kumtoka mgeni wao.

Maana Njuga alikuwa mgonjwa. Ulikuwa ugonjwa wa mabomani, ambao mbwa wa wachungaji huambukizana bila wenye mbwa kushughulika sana, mwingine akifa na mwingine akipona na kuusambaza. Macho yake yalijaa tongo, pua ikachuruzika, akaanza kukohoa na kwenda chafya mfululizo. Yeye, kwa kuwa ni mgeni rasmi, hakuguswa na sheria. Kila alipokwenda chafya Baraza lilisimama kwa heshima, na Bweha akaandika kwamba mshauri ametoa neno. Walikula naye chombo kimoja. Walilambana naye midomo kwa salamu.

Habari zilikuwa zimekwishafika kwa yeyote aliyetaka kuzisikia. Korongo weupe, wale wapitao Ethiopia katika safari yao ya kuja kula panzi wa nyanda za kusini, walikuwa wamesimulia mambo ya Bale: kwamba kichaa cha mbwa kilitoka kwa mbwa wa wachungaji kikawaingia wale ndugu wekundu, na kwamba makundi yaliyolala pamoja kwa joto yalikufa pamoja. Bweha masikio, ambaye husikia mchwa akitafuna chini ya ardhi, alikwenda mwenyewe barazani kusema kwamba anasikia vifua vinakoroma usiku. Aliulizwa kama anacho kibali cha kusikia. Akarudi kwa watoto wake, akawahamisha shimo usiku uleule.

Aliyebaki kusema alikuwa Shangazi Kigutu. Mguu wake mmoja wa mbele ulikatwa na waya wa mtego wa majangili zamani, ukabaki kigutu kilichoota ngozi ngumu, na kwa miaka mingi kundi lilimtapikia nyama naye akalea watoto wa kila mtu, wakiwamo nusu ya Baraza. Tangu sheria mpya alikuwa akiishi kwa mende na mayai ya ndege wa chini. Alifika akirukaruka kwa miguu mitatu, pua yake mbichi haina majivu, akasimama mbele ya mtemi bila kusubiri kuitwa.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nilikutapikia nyama wakati meno yako hayajashika mfupa. Ulikuwa wa mwisho kwa udogo, nikawasukuma kaka zako pembeni ukala wewe. Sikuja kukukumbusha fadhila. Nimekuja kukuambia kwamba huyo aliye ubavuni mwako anakufa, na wewe umekwisha kulamba mate yake. Watoto wanane kule shimoni wamefumba macho hawayafumbui. Mama zao wanawabana pua ili wasisikike wakienda chafya, mwanangu, kwa kumwogopa Bweha. Mtoto mgonjwa anazuiwa kupiga chafya. Tutajuaje nani mgonjwa? Tutajuaje tuhame lini?”

Kisha akaenda chafya, mara moja, kwa nguvu, uso ukielekea kaskazini upande wa Loliondo.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mila ilitaka chafya 10 kwa rai ya mnyonge. Ikasikika ya pili, ya jike kijana nyuma kabisa. Ikasikika ya tatu. Ya nne na ya tano zilitoka pamoja. Wawindaji watatu wenye pua za majivu walitazamana, na wote waliokuwapo waliona jinsi mbavu zao zilivyojaa na midomo yao ilivyotetemeka. Lakini Bweha alikuwa amekwisha kugeuza kichwa upande wao, na wale wakameza. Zilifika 7. Bweha akatangaza kuwa zimehesabiwa 2, na kwamba zote mbili ni za vumbi.

Mimi nisimuliaye sina hasira sana na Bweha, ambaye alifanya kazi aliyozaliwa nayo, wala na Fisi, ambaye hakuwahi kujificha tabia. Wanaoniuma ni wale watatu. Walikuwa na afya, walikuwa na watoto, na chafya zao zilikuwa zimekwisha kufika puani.

Usiku huo majike vijana walioungana na Kigutu waliondoka, dada kwa dada, kama majike wa taifa hilo wafanyavyo tangu kale wanapokwenda kuanzisha makundi mapya. Safari hii hawakungoja kuagwa. Walimbembeleza shangazi yao. Aliwaambia miguu mitatu itawachelewesha, akawaelekeza njia ya mabonde, na akarudi shimoni kulala na wale watoto wanane, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Hawakuamka.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Wazima walianza kuyumba mchana, wengine wakauma hewa, wengine wakatembea wakizunguka mahali pamoja mpaka wakaanguka. Baraza lilikutana likiwa na wajumbe sita, kisha watatu. Taarifa za Bweha ziliendelea kusema kwamba taifa lina afya kuliko wakati wowote, kwani kwa mwezi mzima haikusajiliwa chafya hata moja. Njuga alikata mkanda wake kwa kujisugua kwenye mti akaelekea mabomani kufa alikozaliwa. Fisi aliondoka na ghala. Bweha alihamia kwa simba siku ileile, akajitambulisha kuwa mtu wa kumbukumbu. Madoa alikuwa wa mwisho, amelala juu ya mzoga ambao hakuwa na nguvu ya kuutafuna, pua yake imekauka kabisa bila msaada wa majivu.

Simba alifurahi. Alisema mbele ya Bweha kwamba mwenye madoa amempunguzia kazi, na nyumbu sasa ni wake. Hakujua kwamba maradhi ya jirani hayana mpaka. Kufikia mwaka 1992 nyanda zile hazikuwa na kundi hata moja la mbwa mwitu lililojulikana. Na mwaka 1994 distempa, ugonjwa huohuo wa mbwa wa nyumbani, uliwaingia simba wa Serengeti wenyewe na kuua takriban theluthi yao. Baadhi yao walionekana wakitetemeka kwa kifafa mbele ya wageni waliokuja kuwapiga picha.

Wale majike waliofika Loliondo walikuta madume wa makundi ya huko, wakazaa. Hawakuwa na amani kamili, kwani wafugaji waliopoteza mbuzi waliwafukuza, kama vile katika sehemu kubwa ya karne ya 20 walinzi wa mbuga nyingi za Afrika walivyowapiga risasi kwa kuwahesabu waharibifu. Lakini walizaa wengi, na kuanzia mwaka 2012 serikali ya Tanzania ikaanza kuwakamata baadhi ya wazao wa Loliondo na kuwarudisha upande wa magharibi wa Serengeti, huku mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakiendelea kuchanjwa. Katika Afrika nzima mbwa mwitu wa aina hii sasa hawafiki 7,000, na Tanzania ni mojawapo ya nchi chache zilizobakiwa na wengi. Mwenye kutaka kuhakiki niliyoyasimulia aende Ruaha au Nyerere, aamke kabla ya jua, akae mbali kidogo na kundi na kuhesabu chafya; na nyama ikishaangushwa, aangalie ni nani anayesogea kula kwanza na ni nani anayesimama pembeni.